TOFU YA KUKAANGA NDANI YA SUPU
Kazi iliyomo katika bakuli la Wajapani

Ndugu msomaji, hebu chukua punje moja ya soya uiweke kiganjani. Ni ndogo, ya mviringo, ngumu kama kokoto. Ukiichemsha kama unavyochemsha maharage, utakaa jikoni mpaka kuni zikaribie kwisha, na bado haitalainika kama maharage. Ndiyo maana wako watu wanaosema, "Soya hiyo ni chakula cha kuku tu."

Wajapani huchukua punje hiyohiyo wakapata chakula cheupe, laini kama ute wa yai la kuchemsha. Chakula hicho kinaitwa tofu. Kisha hukikata vipande, wakavipaka unga, wakavikaanga, wakaviweka katika bakuli na kuvimwagia supu ya moto. Hapo jina linakuwa agedashi tofu. Neno "age" linatokana na neno la Kijapani la kukaanga katika mafuta mengi. Chakula hiki huliwa majumbani, mikahawani, na katika vilabu ambako wafanyakazi hukutana jioni baada ya kazi.

Katika makala haya tutaifuata soya kutoka punje mpaka bakuli. Katika kila hatua tutaeleza inafanywaje, na kwa nini inafanywa hivyo. Anayejua jinsi tu anaweza kuiga. Lakini anayejua na sababu anaweza kuendelea hata vyombo vikibadilika. Halafu tutaona jambo lililowapata Wajapani mwaka 1973, jambo ambalo kila mkulima na kila mlaji anafaa kulifahamu.

TOFU ILITOKA WAPI?

Tofu haikuanzia Japani. Ilianzia China, ikavuka bahari pamoja na dini ya Budha. Huko Japani, maandishi ya zamani yanayojulikana kuitaja tofu ni ya mwaka 1183. Yanatoka Kasuga, mahali pa ibada katika mji wa Nara, na tofu imetajwa humo kama sadaka. Maana yake ni kwamba chakula hiki kiliheshimiwa tangu mwanzo.

Kwa nini kilipendwa? Watawa wa Kibudha hawakula nyama. Tena mwaka 675 mfalme Tenmu alikuwa ametoa amri ya kukataza kula ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku kwa miezi kadhaa ya kila mwaka. Amri za namna hiyo zilirudiwa baadaye na wafalme wengine. Si kwamba nyama haikuliwa kabisa, lakini kwa karne nyingi ililiwa kwa uchache. Ilipofika mwaka 1872 ndipo ilipotangazwa kuwa mfalme Meiji mwenyewe amekula nyama ya ng'ombe.

Sasa, mwili wa binadamu hauishi kwa wali peke yake. Unahitaji chakula cha kujenga mwili. Wajapani walikipata katika samaki, na wale walioishi mbali na bahari, pamoja na watawa, walikipata katika soya.

Mwaka 1782 kilichapishwa kitabu mjini Osaka kiitwacho Tofu Hyakuchin. Kilikuwa na mapishi mia moja, na yote ni ya tofu. Agedashi imo ndani ya kitabu hicho. Watu walikipenda hata mwaka uliofuata kikatoka kitabu cha pili. Kwa hiyo chakula tunachokizungumzia kina zaidi ya miaka 200 katika maandishi. Bila shaka kilikuwa kinapikwa hata kabla ya kuandikwa.

HATUA YA KWANZA: PUNJE INAKUWA MAZIWA

Soya huoshwa, halafu hulowekwa usiku kucha, kama saa nane hadi kumi na mbili. Siku za baridi huchukua muda mrefu zaidi. Asubuhi punje zimevimba. Ukiipasua moja, ndani yote imekuwa na rangi moja. Hiyo ndiyo dalili kwamba maji yamefika katikati.

Kwa nini ilowekwe? Kwa sababu punje kavu ikisagwa na maji hutoa chembe ngumu, na chakula kilichomo hakitoki vizuri. Iliyolowa husagika ikawa uji mweupe. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa mawe mawili ya kusagia, la juu likizungushwa kwa mpini. Siku hizi kuna mashine.

Uji huo hupikwa huku ukikorogwa. Hapa mpishi haondoki jikoni, maana povu la soya hupanda ghafla kama maziwa na kumwagikia motoni. Kupika huku ni kwa lazima. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini. Mtu anaweza kula soya mbichi nyingi, na bado mwili usipate faida yake. Moto ndio unaovunja nguvu ya vitu hivyo. Naomba ulikumbuke sana jambo hili, tutalirudia mbele.

Baada ya kuiva, uji humiminwa katika kitambaa na kukamuliwa, kama tunavyokamua tui la nazi. Kinachotoka ni maziwa ya soya. Kinachobaki kitambaani ni machicha, nao huyaita okara. Machicha hayatupwi. Hupikwa na mboga, na mengine hulishwa mifugo.

HATUA YA PILI: MAZIWA YANAGANDA

Umewahi kukamulia ndimu katika maziwa ya ng'ombe yaliyo moto? Yanakatika, siyo? Mabonge yanakaa huku, maji yanakaa kule. Basi tofu hutengenezwa kwa njia hiyohiyo.

Wajapani tangu zamani hutumia kitu kiitwacho nigari. Maji ya bahari yakikaushwa kupata chumvi, hubaki maji machungu. Uchungu huo ndio nigari. Hutiwa kidogokidogo katika maziwa ya soya yenye moto, na kukorogwa polepole. Protini iliyokuwa imeenea katika maziwa hushikana ikawa mabonge laini. Nchini China hutumia pia jasi, ile ya kutengenezea chaki. Ndimu au siki nayo hugandisha, ila huacha uchachu kidogo.

Mabonge hutiwa katika kisanduku chenye matundu, kilichotandikwa kitambaa. Juu huwekwa kifuniko na kitu kizito. Maji hutoka, na tofu hushikana ikawa kama tofali jeupe. Tofu ya namna hii inaitwa momen, maana yake pamba, kwa sababu alama za kitambaa cha pamba huonekana juu yake.

Iko ya pili iitwayo kinugoshi, jina lililotokana na hariri. Hii haikamuliwi. Maziwa mazito ya soya hugandishwa palepale katika kisanduku chake, yakabaki laini sana. Zote mbili hutumika kwa agedashi. Anayejifunza aanze na momen maana haivunjiki ovyo. Mpishi mzoefu mara nyingi hupenda kinugoshi, kwa sababu ulaini wake wa ndani hupendeza ukikutana na gamba la nje.

Kilo moja ya soya kavu huweza kutoa kilo mbili au zaidi za tofu. Usishangae uzito kuongezeka. Sehemu kubwa ya tofu ni maji. Na kwa sababu ya maji hayo, tofu huharibika upesi. Huhifadhiwa katika maji safi ya baridi, na mahali pasipo na jokofu yafaa iliwe siku hiyohiyo. Ikitoa harufu ya uchachu au kuteleza kama kamasi, itupwe.

HATUA YA TATU: SUPU ISIYO NA NYAMA

Kabla ya kukaanga, supu lazima iwe tayari. Msingi wake ni maji yaitwayo dashi. Hayachemshwi kwa saa nyingi kama supu yetu ya mifupa. Ni kazi ya dakika chache, lakini nyuma ya dakika hizo kuna kazi ya miezi.

Dashi huhitaji vitu viwili. Cha kwanza ni kombu, mwani mpana wa bahari ya baridi. Mwingi hutoka Hokkaido, kisiwa cha kaskazini. Huu si ule mwani unaolimwa Zanzibar. Ule wa kwetu ni wa jamii nyingine na hupelekwa zaidi viwandani. Kombu huvunwa, hukaushwa, na mara nyingine huwekwa ghalani muda mrefu ili ladha yake ikomae.

Kitu cha pili ni katsuobushi. Hii ni samaki wa jamii ya jodari. Hutolewa miiba, huchemshwa, kisha hufukizwa moshi tena na tena kwa siku nyingi. Ile iliyo bora huachwa iote kuvu maalumu, ikaanikwa juani, ikaachwa tena iote. Kuvu hiyo huinyonya maji yaliyobaki. Mwisho samaki anakuwa mgumu kama kipande cha mninga. Kisu hakimkati. Hupigwa randa, kama seremala anavyopiga randa ubao, na maganda yake membamba ndiyo yanayotumika.

Mpishi huloweka kombu katika maji ya baridi, huyapasha moto polepole, na huitoa kabla maji hayajachemka. Kwa nini? Kwa sababu ikichemka sana huleta utelezi na ladha isiyopendeza. Kisha hutia maganda ya samaki, husubiri dakika moja au mbili, na huchuja.

Kwa muda mrefu watu walijua kwamba dashi ni tamu, lakini hawakujua utamu huo ni wa nini. Si wa sukari, si wa chumvi. Mwaka 1908 mtaalamu wa kemia wa Tokyo, Kikunae Ikeda, aliichunguza kombu akapata ndani yake kitu kiitwacho glutamati. Ladha yake akaiita umami. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Shintaro Kodama, alipata kitu kingine cha umami katika katsuobushi. Baadaye ikajulikana kwamba vitu hivyo viwili vikikutana, ladha huongezeka kupita kila kimoja kikiwa peke yake. Kumbe wapishi wa zamani waliyajua haya kwa ulimi kabla ya wataalamu kuyajua kwa vipimo.

Dashi hutiwa sosi ya soya na mirin. Wengi hupima sehemu nne za dashi, moja ya sosi, moja ya mirin. Mirin ni kileo kitamu cha mchele cha kupikia. Asiyetumia kileo huweza kuacha mirin akatia sukari kidogo. Na wale watawa wasiokula samaki hutengeneza dashi ya kombu na uyoga mkavu. Unaona, ndugu msomaji: anayejua kazi ya kila kitu ndani ya chungu anaweza kutoa kimoja akaweka kingine.

HATUA YA NNE: KUKAANGA

Sasa tumefika penyewe. Siri ya agedashi ni maji. Kwanza unayatoa, halafu unayarudisha.

Tofu hufungwa katika kitambaa safi na kuachwa kama robo saa hadi nusu saa ili maji yapungue. Usiruke hatua hii. Maji na mafuta ya moto ni maadui. Tofu yenye maji ikiingia katika mafuta, mafuta huruka, na watu huungua. Maji yakibaki juu ya tofu, unga nao huwa tope, haushiki.

Kisha tofu hukatwa vipande vya kiasi cha kuingia mdomoni mara mbili au tatu. Kila kipande hupakwa wanga mkavu pande zote, halafu hukung'utwa ili wanga uliozidi udondoke. Wanga huo unaitwa katakuriko. Zamani ulitoka katika kiazi cha ua la porini liitwalo katakuri. Mimea hiyo ilipokuwa haitoshelezi, watu wakahamia wanga wa viazi mviringo, lakini jina la zamani likabaki.

Kwa nini wanga, siyo unga wa ngano? Wanga wa viazi hunyonya unyevu wa juu ya tofu, na ukipata moto hushikana ukawa gamba jembamba linaloacha weupe wa tofu uonekane. Unga wa ngano hutoa gamba zito zaidi, la rangi ya andazi.

Mafuta hupashwa hadi nyuzi 170 au 180 hivi. Asiye na kipimo hudondosha chembe ya wanga. Ikizama kidogo, ikapanda na kutoa mapovu, mafuta yako tayari. Ikikaa chini kimya, bado. Ikiungua papo hapo, moto umezidi. Vipande hutiwa vichache kwa wakati mmoja, maana vikijaa hupoza mafuta na hugandana. Baada ya dakika chache gamba hukauka na kupata rangi hafifu ya dhahabu. Hutolewa na kuchujwa mafuta.

Jambo la usalama hapa: mafuta yakishika moto, usimwagie maji hata kidogo. Maji huulipua moto. Ikiwezekana zima jiko, kisha funika sufuria kwa kifuniko na uiache mpaka ipoe.

Vipande huwekwa katika bakuli, na supu ya moto humiminwa kiasi cha kufika nusu ya vipande, siyo kuvizamisha. Juu huwekwa figili nyeupe iliyokwanguliwa, tangawizi, na majani ya kitunguu yaliyokatwa. Wengi hunyunyiza pia maganda ya katsuobushi. Mvuke unapopanda, maganda hayo membamba hujikunja na kujikunjua kana kwamba yana uhai.

Figili na tangawizi si pambo tu. Ukali wake hukata mafuta mdomoni, hata tonge la pili likawa na ladha kama la kwanza.

Baada ya hapo, chakula hakisubiri. Upande uliolowa supu unalainika na kuteleza, upande wa juu bado unalia mdomoni, na katikati tofu ni ya moto na laini. Ukichelewa robo saa, gamba lote limelowa, na kazi yote imepotea. Ndiyo maana mpishi hutangulia kuandaa supu, figili na bakuli, akamalizia kukaanga. Kwa kawaida sisi tunasema mgeni aje ndipo mwenyeji apone. Kwa agedashi, mgeni akae kwanza ndipo mpishi akaange!

JE, NI CHAKULA BORA?

Soya kavu ina kiasi cha gramu 36 za protini katika kila gramu 100. Maharage ya kawaida yana kama gramu 22. Tena protini ya soya inakaribia ya nyama kwa ubora wa kujenga mwili. Lakini tusidanganyane. Tofu ina maji mengi, hivyo gramu 100 za tofu ya Kijapani huwa na protini gramu 5 hadi 7 hivi tu. Agedashi pia ina mafuta ya kukaangia, na supu yake ina chumvi nyingi kwa sababu ya sosi. Mwenye shinikizo la damu asiinywe yote.

Pia wako watu ambao miili yao haipatani na soya. Akila huwashwa, huvimba au hubanwa pumzi. Mtu huyo aache kabisa, na akibanwa pumzi apelekwe hospitali mara moja.

MWAKA 1973: BAKULI LILIPOTIKISIKA

Zamani kila mtaa wa Japani ulikuwa na mtengeneza tofu wake. Aliamka usiku wa manane ili tofu iwe tayari asubuhi. Wauzaji walipita mitaani wakipuliza tarumbeta dogo lenye sauti mbili, na watu wakasema linaita "to-fu". Akina mama wakatoka na mabakuli. Karibu na mwaka 1960 watengenezaji hao walikuwa zaidi ya 50,000.

Lakini soya yenyewe ilikuwa inatoka wapi? Hapo ndipo penye funzo. Soya ya Marekani ilikuwa rahisi kuliko ya kwao. Polepole mashamba ya soya ya Japani yakapungua. Ilipofika miaka ya 1970, sehemu kubwa mno ya soya iliyotumika Japani ilitoka nje, na karibu yote ilitoka nchi moja, Marekani. Chakula kilichokuwa sadaka ya mwaka 1183 sasa kilitegemea meli.

Mwaka 1972 samaki wadogo wa pwani ya Peru, waliotumika kutengeneza chakula cha mifugo, walipungua sana. Wafugaji wa dunia wakakimbilia soya. Mwaka huohuo Urusi ya Kisovieti ilinunua nafaka nyingi mno kutoka Marekani. Bei zikapanda. Mwezi Juni 1973 serikali ya Marekani, chini ya Rais Nixon, ikazuia soya isipelekwe nje ili bei ishuke kwa watu wake.

Fikiri wewe ndiye mtengeneza tofu wa mtaani Tokyo. Unayo mashine. Unao ujuzi ulioachiwa na baba yako. Nigari ipo, maji yapo, wateja wapo na mabakuli yao. Soya tu ndiyo haina uhakika. Mikono yote iko tayari, mnyororo umekatika kwenye pingu ya kwanza, shambani.

Zuio lile halikudumu, liliondolewa kabla ya mwaka kwisha. Lakini Wajapani hawakulisahau. Kuanzia mwaka 1979 nchi yao ilishirikiana na Brazili kuyafanya mapori ya nyanda zake, yaitwayo Cerrado, yawe mashamba ya soya na mazao mengine. Leo Brazili ndiyo inayoongoza duniani kwa kulima soya. Ila nako kuna gharama, kwa kuwa mapori mengi yamefyekwa pamoja na wanyama na mimea yake.

Na Japani je? Mpaka leo zaidi ya sehemu tisa katika kumi za soya yake hutoka nje, ingawa sasa inanunua katika nchi kadhaa. Watengenezaji wadogo wa tofu nao wamepungua, hawafiki hata 10,000. Viwanda vikubwa na maduka makubwa vimechukua nafasi yao, na vijana wengi hawataki kuamka usiku wa manane.

SISI NA SOYA

Soya si ngeni kwetu. Ilijaribiwa Amani, huko Usambara, mwaka 1907, wakati wa utawala wa Wajerumani. Leo hulimwa Ruvuma, Iringa, Njombe, Mbeya na kwingineko. Mwaka 2020 China ilifungua soko lake kwa soya ya Tanzania. Ni jambo jema, mkulima apate bei. Lakini gunia likipelekwa lote sokoni, na mtoto nyumbani akabaki na uji mtupu, tumeuza na afya yake.

Hatulazimiki kupika agedashi. Hatuna kombu wala katsuobushi, na mafuta ya kula yana bei. Tunachoweza kuchukua kutoka katika bakuli lile ni ujuzi wa moto. Wengi wetu huchanganya soya katika unga wa uji wa lishe. Wengine huipeleka mashineni ikiwa mbichi, eti itaiva ndani ya uji. Hapana! Uji unaopikwa haraka hauwezi kutegemewa kuiivisha. Tumeshasema kwamba soya mbichi huzuia tumbo kusaga protini. Mama amelima, amepura, amelipia mashine, na mtoto hapati alichokusudiwa.

Fanya hivi. Chagua soya, toa mbovu na zenye kuvu. Zitie katika maji yanayochemka, ziendelee kuchemka kwa nusu saa. Mwaga maji, sugua utoe maganda, zioshe. Anika juani mpaka zikauke vizuri, kaanga kidogo bila mafuta zipate harufu nzuri, ndipo upeleke mashineni. Ni kazi, nakubali. Lakini kazi hiyo ndiyo inayoifanya soya kuwa chakula.

Ndugu msomaji, lile bakuli la agedashi si la tajiri. Ni punje ileile ngumu iliyo kiganjani mwako. Mkulima ameipanda, mtengenezaji ameilowesha na kuigandisha, mpishi ameitoa maji na kuirudishia, na mlaji ameiwahi ingali moto. Mmoja akikosekana, bakuli ni tupu. Basi tulime, na tulichokilima tujue kukitengeneza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini soya hulowekwa kabla ya kusagwa?
2. Nigari hufanya kazi gani katika maziwa ya soya? Sisi tunaweza kutumia nini badala yake?
3. Kwa nini tofu hupunguzwa maji kabla ya kukaangwa?
4. Ni nini kilichowapata watengeneza tofu wa Japani mwaka 1973? Je, katika kijiji chenu kuna chakula mnachokitegemea kutoka mbali? Kikikosekana mtafanyaje?
5. Nyumbani kwako soya ya uji hutayarishwaje? Kuna hatua gani ya kurekebisha?